Kufuata Barua na Kuletewa Barua: Historia ya Barua Pepe Simuni na Tatizo la Istilahi Yake

Miongoni mwa istilahi ambazo watafsiri wa maelekezo ya simu za mkononi hukutana nazo kila mara, imo moja ambayo kwa sura ni nyepesi lakini kwa maana imewapotosha wengi. Nayo ni neno la Kiingereza "push", litumikapo kueleza namna barua pepe inavyofika katika simu bila ya mwenye simu kuiulizia. Mtafsiri mwenye haraka huandika "kusukuma" na kuendelea na sentensi ifuatayo. Kamusi haimkatalii. Hata hivyo msomaji wake, awe mwalimu wa shule ya kijijini au karani wa wilaya, hubaki na picha ya seva iliyoko mbali ikiisukuma barua mpaka mfukoni mwake, ilhali yeye na simu yake hawana la kufanya ila kupokea. Picha hiyo ilikuwa kweli kwa kipindi kifupi tu katika historia ya jambo lenyewe. Katika simu zilizo nyingi leo, ni simu ndiyo iendayo kubisha hodi kwanza.

Kosa hili lina gharama. Mtu anayeamini kwamba barua husukumwa haoni sababu ya simu yake kutumia data na betri saa ambazo hakuna barua yoyote iliyoingia. Wala haelewi kwa nini barua iliyotumwa saa mbili imemfikia saa tatu kasoro robo, ingawa mtandao haukukatika. Na zaidi ya yote, hajiulizi ni nani aliyeishika barua yake njiani. Waraka wa ofisi unaomfundisha mtumishi namna ya kutumia simu ya kazi hauwezi kumsaidia sana maadamu istilahi yenyewe imekwisha kumficha mambo hayo matatu.

Kabla ya kuingia katika historia, yafaa tukumbuke kwamba Kiswahili kina uzoefu wake wa barua. Kwa miaka mingi barua katika Afrika Mashariki hazikupelekwa majumbani. Anwani ya mtu ilikuwa sanduku la posta, ile S.L.P. tuliyofundishwa kuiandika tangu darasa la nne, na mwenye sanduku alikwenda mwenyewe, au alimtuma mtoto na ufunguo. Akirudi mikono mitupu ilikuwa ni safari ya bure, na nauli imekwenda. Kwa safari hiyo watu husema "nimekwenda kufuata barua". Katika ofisi za serikali, kwa upande mwingine, alikuwapo tarishi aliyezunguka na barua na mafaili kutoka chumba hadi chumba, na afisa aliyeketi mezani pake alisema "nimeletewa barua". Basi vitenzi viwili tunavyo tayari, kufuata na kuletewa, na kila asemaye Kiswahili anajua katika kila kimoja nani alitembea na nani alikaa. Tutavihitaji mbele.

Barua pepe haikuanza na swali hili. Mwaka 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya Bolt Beranek and Newman katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts huko Marekani, alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao wa ARPANET, akaichagua alama ya @ ili kutenga jina la mtu na jina la mashine. Kompyuta za wakati huo zilikuwa kubwa, zilitumiwa na watu wengi kwa pamoja, na hazikuzimwa ovyo. Ujumbe ukifika huandikwa katika faili la mwenyewe ndani ya mashine ile ile ambayo yeye huketi mbele yake kila siku. Hapakuwa na safari ya mwisho kutoka posta hadi nyumbani, kwa kuwa posta na nyumba vilikuwa kitu kimoja.

Mwezi Agosti 1982 Jon Postel alitoa waraka wa itifaki iitwayo SMTP, ambayo hata leo ndiyo sheria ya seva kupelekeana barua. Kwa mujibu wa itifaki hiyo, seva yenye barua ndiyo ianzayo mazungumzo: huifungulia njia seva ya mpokeaji, humtaja mtumaji, humtaja mpokeaji, kisha hukabidhi barua. Ikiwa seva ya pili haipatikani, ya kwanza huiweka barua na kujaribu tena na tena kwa siku kadhaa kabla ya kukata tamaa. Huku kweli ni kusukuma, na neno hilo lingetumiwa hapa nisingekuwa na neno. Waraka ule ule ulikuwa pia na amri iliyoitwa SEND, ambayo watu wengi hawaijui: iliitaka seva impe mtu ujumbe papo hapo kwenye kioo cha mashine yake, kama yupo kazini, badala ya kuuweka sandukuni. Kwa hiyo wazo la barua inayomkuta mtu alipo ni la zamani kuliko simu ya mkononi. Lakini amri hiyo haikushika, na waraka uliochukua nafasi ya ule wa kwanza mwaka 2001 uliitia katika mambo ya kuachwa.

Lililobadilisha mambo ni kuenea kwa kompyuta za mezani katika miaka ya 1980. Kompyuta ya mezani huzimwa jioni, haina mtu wa kuilinda, na aghalabu wakati huo iliunganishwa na mtandao kwa simu ya waya kwa dakika chache tu. Mashine ya namna hiyo haiwezi kupokea mgeni wa usiku. Ilibidi seva iwe posta, na kompyuta iwe mtoto mwenye ufunguo. Mwezi Oktoba 1984 ilitangazwa itifaki ya POP, ambayo herufi zake tatu zina maana ya Itifaki ya Ofisi ya Posta. Hapa wenye Kiingereza waliikuta sitiari ile ile ambayo sisi tunayo katika S.L.P. Kompyuta huenda, hutaja jina na neno la siri, huchukua zilizopo, hurudi. Mwaka 1986 Mark Crispin wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kubuni itifaki nyingine, IMAP, ambayo barua hubaki katika seva na mtu huzisoma zikiwa huko huko kutoka mashine yoyote. Tofauti hii ni kubwa. Katika POP ya kawaida, barua ikichukuliwa imechukuliwa. Katika IMAP sanduku ni moja na wasomaji ni wengi, na hapo ndipo lilipozaliwa tatizo la kuweka nakala zote katika hali moja, ambalo tutalirudia.

Ubaya wa kufuata barua ni kwamba mfuataji hajui kama ipo. Tuseme kompyuta, au simu, imeagizwa iulize kila baada ya dakika 15. Itauliza mara 96 kwa siku. Mwenye simu akipata barua 10, safari zisizopungua 86 zilikuwa za bure, na bado kila barua yaweza kukaa karibu robo saa kabla ya kuonekana. Akitaka upesi zaidi, aulize kila dakika, safari zitakuwa 1,440. Kwa kompyuta yenye waya wa umeme ukutani hili si neno. Kwa simu ni balaa, kwa sababu kinachoila betri hasa ni kuiamsha redio ya simu, kuzungumza na mnara, kisha kungoja kidogo kabla ya kulala tena, hata kama maneno yenyewe ni machache.

Jibu la kwanza lililoandikwa kama kanuni ya wote lilitolewa Juni 1997 na Barry Leiba wa kampuni ya IBM. Lilikuwa ni nyongeza ndogo katika IMAP, jina lake IDLE. Kompyuta ikimaliza shughuli zake katika seva haiondoki. Husema, kwa maneno mengine, "mimi nipo hapa nimekaa," na seva huijibu kwamba imesikia. Tangu hapo barua mpya ikiingia, seva huitaja mara moja. Waraka ule uliwashauri watengenezaji wa programu wakatishe ngojeo hilo na kulianza upya angalau kila dakika 29, kwa kuwa seva huruhusiwa kumtoa mtu aliyenyamaza kwa nusu saa. Msomaji aiangalie vizuri hali hii. Nani aliyekwenda? Ni kompyuta. Nani aliyesema kwanza? Ni kompyuta. Seva haikumwendea mtu. Ilimjibu aliyekuwa amekaa barazani.

Wakati huo huo katika mji wa Waterloo, jimbo la Ontario, Kanada, kampuni ya Research In Motion, iliyoanzishwa mwaka 1984 na Mike Lazaridis na Douglas Fregin, ilikuwa ikishughulika na vifaa vya peja. Mwaka 1999 ilitoa kifaa kilichoitwa BlackBerry. Mwaka huo huo Japani, kampuni ya NTT DoCoMo ilianzisha huduma ya i-mode, ambayo barua ilifika katika simu ya mtu bila kufuatwa. Lakini ni kifaa cha Kanada kilichoenea maofisini duniani na kulifanya neno "push" lijulikane.

Inafaa tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa pekee ndipo sitiari ya kusukuma ilipokuwa na miguu miwili. Vifaa vya kwanza vya BlackBerry vilitumia mitandao ya redio ya peja na data, kama ule wa Mobitex uliobuniwa Sweden. Katika mitandao hiyo kifaa hakipigiwi simu wala hakifungui njia. Mtandao wenyewe hukijua kilipo kwa namba yake na kukipelekea ujumbe wakati wowote. Ofisini, kando ya seva ya barua, ilifungwa seva nyingine ya kampuni hiyo, kazi yake ni kuchungulia masanduku ya wafanyakazi. Barua ikiingia, seva hiyo huibana iwe ndogo, huisimba kwa ufunguo uliojulikana na seva na kifaa tu, huitoa nje ya ofisi kupitia kituo cha mtandao cha kampuni, na kituo hicho huifikisha mnarani. Kilichopelekwa kwanza kilikuwa ni sehemu ya mwanzo ya barua, na iliyobaki ilifuata pale tu msomaji alipoitaka. Huyu alikuwa tarishi kamili: anatoka na barua mkononi, anamtafuta mwenyewe, anampa.

Lakini tarishi huyo alikuwa mpelekaji tu kwanza, hakuwa mrudishaji. Mtu aliyefuta barua kwenye kifaa aliikuta ofisini ikimngoja mpaka akipachike kifaa katika kishikilio chake chenye waya, ndipo vitabu viwili vilinganishwe. Baadaye kazi hii nayo ilifanywa hewani. Nalitaja hili kwa sababu watafsiri wengi huchanganya mambo mawili, kuletewa na kulandanisha, kana kwamba ni jambo moja. Historia inaonyesha kwamba la kwanza liliwahi kuishi bila ya la pili.

Sifa ya mpango huu ilionekana baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 huko Marekani. Siku ile simu za kawaida zilizidiwa na wapigaji, lakini vifaa vya peja viliendelea kupokea na kutuma, na Baraza la Wawakilishi la nchi hiyo likaamua kuwapa wajumbe wake BlackBerry. Fedha iliyokuwamo katika wazo hili ilionekana pia mahakamani. Kampuni ya NTP ya jimbo la Virginia, iliyodai kumiliki hataza za barua pepe kwa njia ya redio, iliishtaki Research In Motion mwaka 2001, na shauri likamalizwa kwa mapatano Machi 2006 kwa dola milioni 612.5.

Udhaifu wake ulikuwa katika hicho hicho kilichoupa nguvu, yaani tarishi mmoja. Agosti 2010 mamlaka ya mawasiliano ya Falme za Kiarabu ilitangaza kwamba kuanzia Oktoba 11 ingesimamisha huduma za BlackBerry, kwa kuwa habari zake zilitoka nje ya nchi zikiwa zimesimbwa na serikali haikuweza kuzifikia kwa sheria zake. Siku chache kabla ya tarehe hiyo mamlaka ilisema kwamba huduma sasa zimetimiza masharti, na hazikusimamishwa. Mwaka uliofuata, Oktoba 2011, hitilafu ya swichi kuu katika mtandao wa kampuni hiyo ilikata barua za watumiaji wa Ulaya, Mashariki ya Kati, Afrika na India, kisha ikaenea Amerika, na siku tatu zilipita kabla ya mambo kutengemaa. Seva za ofisi zilikuwa nzima, minara ilikuwa mizima. Aliyeugua ni tarishi. Mtumishi wa serikali aliyefundishwa kwamba barua "husukumwa kutoka ofisini hadi simuni" asingeweza kulielewa tukio hilo hata kidogo, maana katika maelezo hayo mtu wa katikati hayumo. Huduma za simu zile za zamani zilifungwa rasmi Januari 4, 2022.

Sasa tufike katika njia iliyoshinda. Microsoft nayo ilitaka seva yake ya barua, Exchange, ifikishe habari upesi katika simu. Katika toleo la mwaka 2003 ilitumia hila ya SMS: barua ikiingia, seva hutuma ujumbe mfupi usioonekana na mtu, simu inaamka, kisha simu yenyewe inakwenda kulandanisha. Kulikuwa na msukumo hapo, japo mdogo, lakini SMS zililipiwa na zilitegemea makubaliano na kampuni za simu. Mwaka 2005 njia hiyo ilibadilishwa, na mpya ikapewa jina ambalo kwa Kiswahili ni sawa na kusema "msukumo wa moja kwa moja". Jina lilikuja, kitendo kikaondoka. Kwani katika njia hii mpya seva haisukumi kitu.

Mambo huenda hivi. Simu hufungua njia ya kawaida ya intaneti iliyosimbwa, ile ile itumiwayo na kurasa za mtandao, na hutuma ombi fupi lenye maana hii: niangalizie makabati haya na haya, na kama hakuna kipya, nijibu baada ya dakika kadhaa. Seva hulipokea ombi na kunyamaza. Simu imebisha hodi, na mwenye nyumba hajibu "karibu" wala "hatuna". Barua ikiingia katika dakika hizo, seva hujibu papo hapo kwamba kabati fulani limebadilika. Isipoingia, muda ukitimia seva hujibu kwamba hakuna jipya, na simu hubisha hodi tena. Msomaji anaweza kuuliza kwa nini seva isiitafute tu simu pale barua inapoingia. Sababu ni kwamba katika mitandao mingi ya simu kifaa hakina anwani yake cha pekee kinachoonekana kutoka nje. Anwani za hadharani hugawanywa kati ya simu nyingi, na njia ya kurudi huwapo kwa muda tu baada ya simu yenyewe kutoka. Njia ikikaa kimya mno, mtandao huifunga bila kumwambia yeyote. Kwa hiyo simu hupima: huanza na ngojeo la muda fulani, na likifaulu hulirefusha, na njia ikikatwa hulifupisha, mpaka ipate muda ambao mtandao wa mahali hapo unauvumilia. Wahandisi huliita ngojeo hilo pigo la moyo. Kadiri mapigo yanavyokaa mbalimbali ndivyo betri inavyopona. Ngojeo la karibu nusu saa ni takriban mapigo 50 kwa siku, dhidi ya zile safari 96 tulizozihesabu, na juu ya hayo barua haicheleweshwi.

Jibu la seva halina barua ndani yake. Ni habari tu kwamba kuna jambo. Baada ya kulipata, simu hufanya safari ya pili, na hii ndiyo kulandanisha. Kila mara wanapoachana, seva huipa simu kitu mfano wa stakabadhi yenye namba. Simu ikirudi huonyesha stakabadhi ya mwisho, na seva, ikiiona ndiyo yenyewe, hutoa yale tu yaliyobadilika tangu siku ile: barua hizi ni mpya, hii imesomwa kwingine, hii imefutwa. Simu nayo hutoa ya kwake. Stakabadhi zisipopatana, hawana njia ila kuanza upya tangu mwanzo, na hapo ndipo mtu anapoona simu yake inashusha barua zote tena na kifurushi cha mwezi kinakwisha asubuhi moja.

Apple iliupokea mpango huu wa Microsoft katika simu za iPhone mwezi Julai 2008, na mwezi huo huo ikaanzisha huduma yake yenyewe iitwayo MobileMe. Kisa kilichofuata ni cha thamani kwa wana-istilahi. Huduma yote ilitangazwa kwa neno "push". Watumiaji waligundua kwamba badiliko lililofanywa katika simu lilionekana kwingine mara moja, lakini lililofanywa katika kompyuta ya mezani lilichukua hadi dakika 15, yaani huko kompyuta ilikuwa ikifuata, hailetewi. Malalamiko yakawa mengi. Kampuni iliomba radhi, ikawaongezea wateja siku 30, na ikasema kwamba haitalitumia neno hilo mpaka kompyuta nazo ziwe karibu na papo hapo. Ni nadra kuona kampuni kubwa ikiliondoa neno katika matangazo yake kwa kuwa maana haikulingana na kitendo. Laiti kazi hiyo ingefanywa na baraza la istilahi kabla ya bidhaa kutoka!

Kisa cha pili ni cha Ujerumani. Februari 2012 mahakama ya Mannheim iliamua kwamba huduma za Apple ziliingilia hataza ya kampuni ya Motorola Mobility, na watumiaji waliokuwa Ujerumani walizimiwa uletaji wa barua za huduma hizo hadi mwaka 2013. Kwa muda wote huo simu zao zilirudi kufuata. Hataza yenyewe ilitoka katika zama za peja, na iliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye peja kadhaa ambaye angependa ujumbe uliosomwa katika moja uhesabike umesomwa katika zote. Neno lililokuwamo katika jina la hataza ni la kulandanisha, wala si la kusukuma.

Tangu mwaka 2009 kwa Apple, na 2010 kwa simu za Android za Google, mpango umesonga hatua moja zaidi. Badala ya kila programu kubisha hodi kwa seva yake, simu huweka njia moja tu wazi kwa seva ya mtengenezaji wa mfumo, na seva zote nyingine hupitishia hapo arifa zao. Arifa ikifika, programu huamshwa na kwenda kulandanisha. Betri inapona sana. Lakini tarishi mmoja amerejea, safari hii akihudumia programu za kila aina, na yeyote anayeandika mwongozo wa usalama wa barua za serikali yampasa alitaje jambo hilo kwa maneno yaliyo wazi. Mwaka 2015 Android iliongeza kanuni ya usingizi: simu iliyolazwa mezani muda mrefu huzinyima programu mtandao, isipokuwa kwa arifa zilizowekewa alama ya haraka. Barua isiyo ya haraka yaweza basi kukaa. Yule wa saa tatu kasoro robo pengine amepata jibu lake.

Turudi katika istilahi. Neno "barua pepe" limekwisha kushika mizizi, na sioni haja ya kuligusa; lina undugu wa wazi na upepo na kupepea, na ubishi uliobaki ni wa kuliandika kama neno moja au mawili. Kwa kuziweka nakala katika hali moja kuna mashindano ya "kusawazisha" na "kulandanisha". La kwanza limeenea katika simu, lakini lina kazi nyingi mno: twasawazisha ardhi, twasawazisha hesabu, na katika mpira timu iliyofungwa hutafuta bao la kusawazisha. Tena kusawazisha ni kuvifanya vitu viwe sawa kwa kiasi au kimo. Kulandana ni kufanana na kupatana sura, na ndicho hasa kinachotakiwa kati ya sanduku la seva na nakala ya simu. Napendekeza "kulandanisha" na "ulandanishi".

Kwa njia mbili za kuipata barua, nashauri tuache "kusukuma" na "kuvuta" yawe maneno ya wahandisi wanapoeleza seva kwa seva, na mtumiaji apewe maneno ya posta. "Barua pepe ya kuletwa" ni ile ambayo habari zake humfikia mtu zinapotokea. "Barua pepe ya kufuatwa" ni ile ambayo simu huiendea kwa saa zilizopangwa. Kuna atakayesema kwamba kwa ukweli wa kihandisi hata ya kuletwa simu imekwenda kubisha hodi kwanza, na kwamba nimekosa lile nililowalaumu wengine. Hoja hiyo ina uzito. Lakini umbo la kutendwa, "kuletwa", halimtaji mletaji wala halidai kwamba seva ndiyo iliyotoka. Linaeleza hali kama aionavyo mpokeaji, na linaacha nafasi kwa mwandishi kueleza chini yake nani alikaa barazani. "Kusukuma" haliachi nafasi hiyo, kwa kuwa linamtaja mtenda kazi na kumtaja vibaya.

Jambo hili linajaribika katika ukurasa wa mipangilio, ambako simu kama iPhone humpa mtu nafasi tatu za kuchagua. Tuziandike: "Iletwe", "Ifuatwe kila dakika 15", "Nitaifuata mwenyewe". Mwalimu aliye na kifurushi kidogo atachagua bila kuuliza mtu. Kwa lile ombi fupi la simu naona "hodi" latosha, na kwa jibu la seva "arifa" limekwisha kuzoeleka. Kuhusu pigo la moyo, hospitali zetu zina neno "pigo" kwa maana yake halisi, na sijaona kwamba linamchanganya fundi. Ila umbo la wingi, "mapigo", lina kazi pia katika ngoma na katika ugomvi, na ni la kujadiliwa na kamati kabla ya kuingizwa katika orodha.